Kizibo, unyoya na uzi wa hariri: udadisi wa Stephen Gray kuhusu umeme

Chukua kipande cha waya wa kawaida wa umeme, kisha uchune ncha yake kwa kisu. Ndani utakuta shaba inayong'aa na nje utakuta ganda la plastiki. Kwa miaka mingi niliamini kwamba shaba ndiyo yenye kazi na kwamba ganda ni kinga tu ya mikono yetu, nyongeza iliyoletwa baadaye na watu waangalifu. Niliacha kuamini hivyo nilipoisoma barua ndefu ambayo mzee mmoja wa London, Stephen Gray, alimwandikia Cromwell Mortimer, katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na ambayo ilichapishwa mwaka 1731. Katika barua ile shaba na ganda vinagunduliwa pamoja, katika muda wa siku mbili, na sababu ya ugunduzi wenyewe ni uzi uliokatika.

Wengi tukizungumzia mwanzo wa elimu ya umeme huanza na tiara ya Benjamin Franklin ya mwaka 1752, au na betri ya Alessandro Volta ya mwaka 1800. Sina ugomvi na majina hayo. Lakini tiara ya Franklin isingekuwa na maana yoyote kama mtu mwingine asingekuwa ameonyesha kwanza kwamba umeme unaweza kusafiri kwenye uzi kutoka mahali hadi mahali, na mtu huyo alikuwa Gray, ambaye hakuna hata picha yake moja inayojulikana.

Alizaliwa Canterbury, kusini-mashariki mwa Uingereza, mwaka 1666, katika familia iliyofanya kazi ya kutia rangi vitambaa, na yeye mwenyewe alifanya kazi hiyo hiyo kwa sehemu kubwa ya maisha yake. Hakupitia chuo kikuu. Alichojifunza alijifunza kwa kusoma na kwa kutengeneza vyombo kwa mikono yake: mwaka 1696 alieleza namna ya kutengeneza hadubini kwa tone la maji lililokaa kwenye tundu dogo la bati la shaba, tone ambalo kwa uduara wake linakuza vitu kama lenzi ya kioo. Nimejaribu jambo hilo kwa kipande cha bati nilichokitoboa kwa msumari mwembamba, na kweli herufi za gazeti zilikua mbele ya jicho langu. Alitazama pia jua, mwezi na kupatwa kwake, akawa anampelekea vipimo vyake John Flamsteed, mnajimu wa mfalme pale Greenwich, na kwa muda alifanya kazi Cambridge ambako chombo cha kutazamia nyota kilikuwa kinajengwa. Kazi hizo hazikumpa mali. Mwaka 1719, akiwa ameshavuka miaka 50, alipokewa Charterhouse, nyumba ya London iliyowatunza wazee wa kiume waliokuwa na heshima zao lakini hawakuwa na kipato. Humo, katika chumba cha mtu anayetunzwa kwa hisani, ndimo alimofanya majaribio yanayonifanya niandike leo.

Inafaa kukumbuka umeme ulikuwa nini wakati ule. Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna neno kaharabu, jina la ule utomvu wa kale uliogeuka jiwe la rangi ya asali na kutumika katika shanga na tasbihi. Neno hilo limetufikia kupitia Kiarabu kutoka Kiajemi, na maana yake ya asili ni kitu kinachovuta majani makavu. Jina lenyewe, basi, ni taarifa ya jaribio: sugua kaharabu, isogeze karibu na makapi, nayo makapi yatairukia. Wagiriki waliiita elektroni, na kwa jina hilo daktari wa Malkia Elizabeth wa Kwanza, William Gilbert, alibuni mwaka 1600 neno ambalo lugha nyingi za Ulaya hulitumia kwa umeme mpaka leo. Gilbert alionyesha kwamba si kaharabu peke yake yenye tabia hiyo, kwani kioo, salfa, nta ya kufungia barua na mawe kadhaa ya thamani huvuta pia yakisuguliwa. Metali alizisugua bila mafanikio. Kwa hiyo dunia iligawanywa mafungu mawili, vitu vyenye umeme ndani yake na vitu visivyokuwa nao, na kwa zaidi ya miaka 100 mgawanyo huo haukutikiswa. Umeme ulihesabiwa kuwa tabia ya kitu, kama ugumu au harufu, na wala haikufikiriwa na wengi kwamba unaweza kutoka kwenye kitu kimoja ukahamia kingine.

Gray aliingia katika jambo hili kwa mlango wa vitu vya kawaida kabisa. Katika makala yake ya mwaka 1720 anaeleza jinsi alivyosugua manyoya ya ndege, nywele, hariri, sufu, kitani, karatasi, ngozi na maranda ya mbao, mara nyingi baada ya kuvipasha moto, akaona kwamba vyote huvuta. Nadhani ni mtu aliyeshika vitambaa maisha yake yote tu ambaye angewaza kuanza na hariri na sufu. Kisha ikaja miaka ya ukimya. Mwanzoni mwa mwaka 1729 alirudi kwenye swali lililokuwa limemsumbua kwa muda mrefu, kama metali zinaweza kufanywa zivute kwa njia yoyote ile, akazisugua, akazipasha moto, akazigonga, na zikamkatalia.

Chombo chake kikuu kilikuwa bomba la kioo lenye urefu wa futi 3 na inchi 5, yaani zaidi kidogo ya mita moja, na upana wa inchi 1 na kitu, sawa na kipini cha jembe. Ncha zote mbili alizitia vizibo ili vumbi lisiingie ndani wakati bomba limewekwa. Siku moja alitaka kujua kama bomba lililozibwa linavuta tofauti na bomba lililo wazi. Akalisugua na kuushika unyoya laini karibu na ncha yake. Kuhusu swali alilokuwa analiuliza jibu lilikuwa hapana, hakuna tofauti. Lakini aliona unyoya haukwenda kwenye kioo. Ulikwenda kwenye kizibo. Ukavutwa na kizibo, ukasukumwa, ukavutwa tena, vilevile kama ambavyo bomba lenyewe lingefanya, ingawa kizibo hakuna aliyekisugua. Gray anaandika kwamba alishangaa sana, na katika barua iliyojaa vipimo vya futi na inchi, sentensi hiyo fupi inaonekana kama mtu aliyesimama ghafla katikati ya njia.

Napenda kukaa kidogo hapa. Kizibo kile hakikuwa sehemu ya jaribio. Kiliwekwa kwa ajili ya usafi, na swali la siku ile lilikuwa limeshajibiwa, hivyo mtu mwenye haraka angeandika kwamba bomba lililozibwa na lisilozibwa ni sawa, akafunga daftari. Aliyekuwa na bomba kama hilo London hakuwa Gray peke yake, na hata yeye mwenyewe alikuwa amelitumia kwa miaka. Tofauti ni kwamba siku ile aliacha swali lake na kufuata unyoya.

Akachukua tufe dogo la pembe ya ndovu lenye tundu, akalichomeka kwenye kijiti cha msonobari cha inchi 4, na ncha nyingine ya kijiti akaidunga kwenye kizibo. Aliposugua bomba, tufe lilivuta unyoya kwa nguvu kuliko hata kizibo. Akarefusha kijiti, akabadilisha kijiti kwa waya wa chuma na wa shaba njano, kisha akalining'iniza tufe kwa uzi wa kufungia vifurushi uliofungwa kwenye bomba. Likavuta. Akatoa tufe, akaning'iniza vitu vya nyumbani: koleo la mekoni, chuma cha kuchochea moto, birika la shaba likiwa tupu, kisha likiwa na maji baridi, kisha na maji ya moto, na kikombe cha fedha. Vyote vilivuta. Metali ambazo hazikukubali kusuguliwa zilikubali kupokea. Huu ndio wakati ambapo ule mgawanyo wa Gilbert ulianza kuvunjika, kwa kuwa birika halikuwa na umeme wake lenyewe lakini liliupata kutoka kwenye kioo kwa njia ya uzi.

Baada ya hapo swali likawa moja tu, nalo ni umbali. Chumba cha Charterhouse kilikuwa kidogo, kwa hiyo mwezi Mei mwaka 1729 Gray alikwenda Kent kwa rafiki yake mwenye nyumba kubwa. Akasimama kwenye roshani na bomba mkononi, akateremsha uzi wenye tufe kwa futi 26, na mtu aliyekuwa uani akaona vipande vyembamba vya shaba njano, vyepesi kama karatasi, vikirukia tufe kila bomba liliposuguliwa. Akaongeza hadi futi 34. Lakini urefu wa jengo una mwisho, ikabidi uzi utandazwe kwa mlalo, na hapo akakwama. Aligongelea msumari kwenye boriti ya dari, akafunga kitanzi cha uzi uleule wa vifurushi, akapitisha uzi wake mrefu ndani ya kitanzi. Akasugua bomba. Tufe halikuvuta kitu. Alihitimisha kwamba nguvu ilipofika kwenye kitanzi ilipanda ikaingia kwenye boriti, na hitimisho hilo lilikuwa sahihi kabisa, ila kwa wakati ule lilionekana kuwa mwisho wa njia.

Mwisho wa mwezi Juni alikwenda kwenye nyumba nyingine ya Kent, Otterden Place, ya Granville Wheler, mwanachama wa Royal Society aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya miaka 30. Gray alikwenda kumwonyesha majaribio tu. Wheler ndiye aliyetaka wajaribu mlalo, na Gray alipomweleza habari ya kitanzi na boriti, Wheler akapendekeza uzi ushikiliwe na uzi wa hariri. Gray alikubali, lakini kwa sababu ambayo baadaye ilionekana kuwa si ya kweli: alidhani kwamba kwa kuwa hariri ni nyembamba, nguvu kidogo tu ndiyo itakayoponyoka.

Tarehe 2 Julai, mnamo saa 4 asubuhi, walitandaza uzi wa hariri kutoka ukuta hadi ukuta katika ukumbi mrefu wa nyumba ile, wakalaza juu yake uzi wa vifurushi, tufe likining'inia upande mmoja na bomba likiwa limefungwa upande mwingine, jumla ya futi 80 na nusu. Mmoja alisugua bomba, mwingine akashika vipande vya shaba chini ya tufe. Vikaruka. Wakaurudisha uzi nyuma kama mtu anayekunja kamba, wakapata futi 147, na bado vikaruka. Siku iliyofuata wakarefusha zaidi, na mtikisiko wa kusugua bomba pamoja na uzito wa uzi mrefu ukaikata hariri.

Walichofanya ndicho ambacho mimi au wewe tungefanya. Hariri imekatika kwa sababu haina nguvu, basi tafuta kitu chenye nguvu lakini chembamba vilevile. Wakaweka waya mwembamba wa chuma, nao ukakatika. Wakaweka wa shaba njano, mnene kidogo kuliko ule wa chuma, ukahimili uzito vizuri. Wakasugua bomba kwa bidii, na vipande vya shaba vikabaki vimelala vilipokuwa. Hakuna hata kimoja kilichotikisika.

Waya ulikuwa mwembamba karibu sawa na hariri. Kama wembamba ndio ungekuwa sababu, jaribio lingefaulu. Gray anaandika waziwazi kwamba hapo ndipo wote wawili walipothibitisha kwamba mafanikio yao ya awali yalitokana na hariri kuwa hariri, wala hayakutokana na wembamba wake kama yeye alivyokuwa amedhani. Hakuificha dhana yake ya kwanza wala hakuirekebisha kimyakimya katika barua. Aliiacha pale ilipokosea, na kwa kufanya hivyo anatuwezesha sisi wasomaji kuona ugunduzi ukizaliwa mbele ya macho yetu. Kuna vitu ambavyo umeme hupita ndani yake, kama metali, uzi wenye unyevu, mwili wa mtu na maji. Na kuna vitu ambavyo humo haupiti, kama hariri, kioo, nywele na utomvu mkavu. Vya kwanza leo vinaitwa vipitishi na vya pili vihami. Wakarudi kwenye hariri, wakaiongeza idadi ili igawane uzito, wakatoka nje wakasimamisha nguzo shambani, na kabla ya kuachana walifikisha umeme futi 765, zaidi ya mita 230, bila kuona kwamba umbali umeupunguza nguvu.

Nilitaka kuyaona haya kwa macho yangu. Nilichukua bomba la plastiki la kupitishia nyaya, la urefu wa mita moja hivi, na kitambaa cha sufu cha kulisugulia. Tufe nililitengeneza kwa karatasi niliyoifinyanga na kuivika karatasi ya aluminiamu, na badala ya shaba nilikata vipande vya aluminiamu vidogo kama punje za mchele. Uzi nilioutumia kuunganisha bomba na tufe ulikuwa wa nailoni, kwa kuwa ndio niliokuwa nao na ulikuwa imara. Jioni mbili nilisugua mpaka mkono ukauma na hapakutokea kitu. Bomba lenyewe lilivuta vizuri, nywele za mkono wangu zilisimama kila nilipolisogeza, lakini tufe lilikuwa limekufa. Jioni ya tatu ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimepindua kazi ya Gray: nilikuwa nimempa kihami kazi ya kipitishi. Nikaufungua uzi wa nailoni, nikauweka kuwa wa kushikilia, ukitoka mguu wa kiti hadi mguu wa kiti kingine, na juu yake nikalaza uzi wa pamba wa kushonea wa mita sita. Nikasugua. Kwa nukta mbili au tatu hakukuwa na kitu, kisha kipande kimoja cha aluminiamu kikasimama wima kwenye sakafu, kikatetemeka, kikaruka na kugusa tufe, kikaanguka. Kikafuata kingine. Nikauondoa uzi wa nailoni upande mmoja na kuweka wa pamba mahali pake, na mchezo ukaisha palepale.

Kuchelewa kule kwa nukta mbili au tatu kuna maelezo yake. Pamba si kipitishi kama shaba. Inapitisha kwa sababu nyuzi zake hunyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo wenye chumvichumvi ndio unaobeba chaji, polepole. Waya wa shaba una elektroni nyingi zisizofungwa kwenye atomu yoyote, ambazo husogea mara tu zikisukumwa. Katika nailoni, hariri na kioo elektroni zimeshikwa mahali pake. Plastiki ikisuguliwa kwa sufu huchukua elektroni za ziada, zikakaa palepale ziliposuguliwa kwa kuwa hazina pa kwenda. Ndiyo maana kitu kisichopitisha umeme ndicho kinachoonekana kuwa na umeme kikisuguliwa. Chuma kikisuguliwa mkononi hupata chaji pia, lakini hukimbilia mwilini mwa anayekishika kisha ardhini kabla hajaona lolote. Gilbert alizisugua metali na kuona hazina umeme, kumbe hazikuwa na mahali pa kuuweka. Elektroni yenyewe ilitambuliwa na J. J. Thomson mwaka 1897, miaka 168 baada ya uzi ule kukatika, na hapo ndipo jambo lililoonekana kwa macho Otterden lilipopata maelezo ya ndani.

Kwa hiyo sasa nikitazama waya uliochunwa silioni tena ganda kama nyongeza. Shaba bila ganda, au bila vile vikombe vya kauri vinavyoishikilia juu ya nguzo, ni ule uzi wa Gray uliopitishwa kwenye kitanzi cha boriti: umeme unaingia upande mmoja na haufiki upande wa pili. Kinachoshikilia kina sehemu yake sawa na kinachobeba. Hata Franklin, alipoandika maelekezo ya jaribio la tiara mwaka 1752, alisema uzi wa tiara uishie kwenye funguo na kwamba mkono ushike utepe wa hariri, tena utepe huo usilowe mvua. Hariri ile ilitoka Otterden.

Mwaka 1730 Gray aliendelea kupima kila kilichomjia akilini. Alipuliza povu la sabuni kwa kiko cha tumbaku na kuona kwamba hata povu, kitu chembamba kuliko chochote alichokuwa nacho, huvuta vipande vya shaba likipelekewa umeme. Tarehe 8 Aprili alimning'iniza mvulana wa miaka minane au tisa kwa kamba mbili, amelala kifudifudi hewani, akiwa na uzito wa zaidi kidogo ya pauni 47, yaani kilo 21 na kitu. Bomba lilisogezwa karibu na miguu ya mtoto, na vipande vya shaba vikaruka kuelekea usoni pake. Jaribio hili lilipendwa kuliko mengine yote na lilirudiwa mbele za watu Ulaya nzima kama tamasha, jambo ambalo kwa maoni yangu liliifunika maana yake. Lilionyesha kwamba mwili wa binadamu ni kipitishi, na kila onyo tunalopewa kuhusu mikono yenye maji na swichi linatokana na ukweli huo.

Royal Society ilimpa medali ya Copley mwaka 1731, ya kwanza kabisa kutolewa, na ikampa tena mwaka uliofuata. Paris, Charles du Fay alizisoma habari zake, akayarudia majaribio kwa utaratibu, na mwaka 1733 akatangaza kwamba umeme uko wa aina mbili, ule wa kioo na ule wa utomvu, na kwamba aina moja husukumana yenyewe kwa yenyewe ilhali aina tofauti huvutana. Du Fay alijining'iniza yeye mwenyewe mahali pa mtoto, na mwenzake alipomkaribia kwa kidole, cheche iliruka kwa mlio na wote wawili wakasikia mchomo. Gray alipopata habari hizo alitafuta cheche kwenye metali, akazipata, na mwaka 1735 akaandika kwamba moto huu wa umeme unaonekana kuwa wa asili moja na radi. Franklin wakati huo alikuwa bado mchapishaji wa magazeti mwenye miaka 29 huko Philadelphia.

Jaribio lake la mwisho ndilo ninalolifikiria zaidi. Aliweka tufe la chuma katikati ya keki ya utomvu iliyosuguliwa, akashika juu yake kipande chepesi kilichoning'inia kwa uzi mfupi kati ya kidole na gumba, na akaona kipande kinaanza kuzunguka tufe, siku zote kutoka magharibi kwenda mashariki, kama sayari zinavyolizunguka jua. Februari 1736, akiwa kitandani, siku moja kabla ya kufariki, alimwita Mortimer na kumweleza jaribio hilo kwa mdomo ili aliandike. Alisema kwamba kama Mungu angemwongezea maisha kidogo tu, angeweza kuufikisha uchunguzi wake wa umeme kwenye ukamilifu.

Wheler, yule aliyeleta hariri, ndiye aliyelichukua jaribio hilo baada ya kifo cha rafiki yake. Alilirudia mara nyingi na kwa njia nyingi, na mwishowe akaripoti kwamba aliona mzunguko ule pia, lakini kwamba sababu yake ilikuwa shauku ya mwenye kushika uzi, ambaye mkono wake unasukuma bila yeye kujua.

Nimelijaribu hilo nalo. Nilifunga kipande cha kizibo kwenye uzi wa inchi sita, nikaweka kiwiko mezani ili mkono utulie, nikakishusha juu ya gololi ya chuma. Nikawaza kulia, na kwa muda wa pumzi chache kizibo kikaanza kwenda kulia kwa duara safi. Nikawaza kushoto. Kikapunguza mwendo, kikayumba mbele na nyuma, kisha kikageuka. Kidole changu, ninaapa, kilikuwa kimetulia. Kisha nikaufunga uzi uleule kwenye tawi la kinara cha taa, nikakaa nikikitazama kizibo kwa dakika kumi nzima, na hakikuzunguka upande wowote.